Mlio wa Gari Linaporudi Nyuma: Je, Yafaa Kuunyamazisha Nyumbani?



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Katogota na wa uwanda wote wa Ruzizi, Ijumaa hii tunaleta mbele yenu suala ambalo wengine wataliona dogo. Ni suala la ule mlio ambao gari hutoa linaporudi nyuma: tii, tii, tii. Malori mengi yanayofika kwetu, ya Fuso, Canter na mengineyo yaliyokwisha kutumika Japani, huja na mlio huo. Mengine hayalii tu bali husema: sauti ya mwanamke inatangaza kwa Kijapani kwamba gari linarudi nyuma, watu wajihadhari. Kijapani hatukijui, na bado kila mtu anaelewa na kuruka pembeni.

Sasa tazama. Mwenye gari analilaza katika lupango lake. Saa 10 za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, analiwasha ili awahi kupeleka nyanya, mihogo au makala Uvira au Bukavu, barabara inapokuwa wazi. Anatoka kinyumenyume, na mlio unaamsha nyumba kumi. Mgonjwa anashtuka, mtoto mchanga analia, mzee aliyepata usingizi saa 8 anaupoteza tena. Basi watu wanamwambia mwenye gari: kata ule waya. Au anajiambia mwenyewe. Kazi yenyewe kwa fundi ni ya dakika chache. Suala letu ni hili: je, yafaa?

Ndugu yangu msomaji, usiharakishe kujibu. Kwanza tutenganishe mambo mawili yasichanganyike. Kuna magari ambayo mlio wake uko ndani tu, kwa ajili ya dereva. Toyota Prius ni mfano mmoja. Mlio huo humkumbusha dereva kwamba ameweka gia ya kurudi nyuma, na mtu aliye nje hausikii. Huo ni wako wewe unayeendesha, na ukiupunguza umepunguza ukumbusho wako mwenyewe. Sisi tunazungumzia mlio wa nje, ule uliofungwa nyuma ya gari ukielekea kwa watu. Huo hakufungiwa dereva. Weka neno hili moyoni, maana tutalirudia.

HAKI YA ANAYELALA

Mtume (s.a.w.) alisisitiza mno haki ya jirani, na hakuna Muislamu asiyejua. Jirani asipate kutoka kwako la kumuudhi: si moshi wako, si maji yako machafu, si kelele zako. Usingizi ni neema, na anayemnyima mwenzake usingizi bila haja amemchukulia kitu asichoweza kumrudishia.

Na mlio huu si mdogo. Ule wa kawaida hutengenezwa uwe na nguvu ya desibeli 97 hadi 112, kwa sababu uliundwa ili usikike mahali penye mitambo na makelele ya kazi. Alfajiri ya Katogota hakuna mitambo. Kuna chura, kuna upepo, na kuna kuta za udongo zenye nafasi kati ya ukuta na paa. Sauti iliyopimwa kwa ajili ya bandari na kiwanda inaingia chumbani mwa mtu kama haijawekewa mlango.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Kijiji hiki kinajua maana ya kuamshwa usiku. Waliokuwepo tarehe 14 Mei 2000, watu wetu walipouawa, hawahitaji kukumbushwa na karatasi hii. Na Desemba 2025 vita vilipita tena katika uwanda huu. Mtu aliyeyapitia hayo akisikia sauti kali gizani, moyo wake hukimbia kabla akili haijamwambia kuwa ni gari la jirani tu. Usimcheke. Kwa mtu huyo, utulivu wa usiku ni dawa, na wewe mwenye gari unaweza kumpa dawa hiyo au kumnyima.

HAKI YA ANAYEPITA NYUMA

Lakini upande wa pili nao una mwenyewe, na mwenyewe ni mdogo sana, hafiki hata kwenye bampa.

Kifaa hiki kilianzia Japani, katika kampuni ya umeme ya Yamaguchi, kilichobuniwa na Matsusaburo Yamaguchi, na cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1963. Sababu ilikuwa wazi: dereva wa gari kubwa hawezi kuona kilicho nyuma yake. Vioo vya pembeni vinamwonyesha pembeni. Mahali hasa ambapo gari linakwenda, hapo ndipo asipopaona. Basi kama jicho haliwezi kwenda nyuma, sauti ipelekwe nyuma ikawaambie waliopo: ondokeni.

Usidhani hatari hii ni ya barabara kuu peke yake. Mwaka 2002, katika jimbo la New York huko Marekani, mtoto wa miaka 2 aitwaye Cameron Gulbransen aligongwa na kufa nyumbani kwao, baba yake mzazi akirudisha gari nyuma. Baba huyo alikuwa daktari wa watoto. Sheria ya nchi ile ya kuwalinda watoto na magari imepewa jina la mtoto huyo, na kutokana nayo kila gari dogo jipya linalouzwa kule tangu Mei 2018 lazima liwe na kamera ya nyuma. Serikali yao ilipotoa kanuni hiyo mwaka 2014 ilikadiria kwamba watu 210 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma. Katika kila 100 ya hao, 31 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na 26 walikuwa wazee wa miaka 70 na zaidi.

Zitafakari hesabu hizo. Wanaokufa kwa njia hii si vijana wenye mbio. Ni mtoto asiyejua na mzee asiyeweza. Na muuaji mara nyingi si adui, ni baba, ni mjomba, ni jirani. Wazee husema majuto ni mjukuu. Katika jambo hili, huyo mjukuu anaweza kuwa wa damu yako kabisa.

UZITO WA SUALA

Sasa unaona kwa nini jibu si jepesi. Nyumbani ndipo mlio unapoudhi zaidi, kwa kuwa watu wamelala karibu. Na nyumbani hapo hapo ndipo unapohitajika zaidi, kwa kuwa watoto wanacheza karibu. Sababu inayokufanya utake kuuzima ndiyo sababu inayokutaka uuache.

Tena faida zake hazifanani. Faida ya kimya ni ya watu wengi, wanajulikana kwa majina, na wanaipata asubuhi hii hii. Faida ya mlio ni ya mtu mmoja ambaye hujui ni nani, na huenda siku yake isifike kamwe. Nafsi ya mwanadamu ina tabia ya kumpendelea anayelalamika leo kuliko asiyeweza kulalamika. Jirani atakugongea mlango akwambie umemwamsha. Mtoto ambaye hakugongwa hatakuja kukushukuru, kwa sababu hajui. Kwa hiyo ukipima jambo hili kwa malalamiko peke yake, kila mara utakata waya.

Hapa lirudie lile neno la mwanzo. Waya ni wako, uliununua pamoja na gari. Lakini ile kinga inayotoka kwenye waya si yako. Ni ya yule anayepita nyuma. Wewe ni mshika amana. Mwenye mali ana ruhusa ya kutoa kilicho chake, wala hana ruhusa ya kutoa kilicho cha mwenzake, hata kama kimewekwa nyumbani kwake. Na jirani pia, hata akikuomba kwa adabu, hawezi kukusamehe haki ya mtoto wa mtu mwingine. Anaweza kukusamehe usingizi wake, maana huo ni wake.

HOJA ZINAZOSEMWA

Wako watakaosema: saa 10 za usiku watoto wamelala, kuna hatari gani? Tunajibu: wengi wamelala, si wote walio hai. Wako wanaotoka kwenda kuchota maji, wako wanaokwenda shambani, wako wazee wanaotembea taratibu kuja kuswali alfajiri gizani, na wanafunzi wa chuo cha Qur'ani huwafuata baada ya muda mfupi. Zaidi ya hayo, waya uliokatwa saa 10 za usiku unabaki umekatwa saa 10 za mchana, siku ya soko, gari likirudi nyuma kati ya akina mama na mabeseni yao ya dagaa. Umetafuta kimya cha nusu saa, umepata kimya cha mwaka mzima.

Wengine watasema: majirani zangu hawajalalamika, basi niuache ulie. Tunajibu: angalia ni nani jirani yako. Mwenye lori ni mtu mwenye uwezo. Huenda yule jirani hubebewa mizigo yake kwa mkopo katika lori hilo hilo, au mwanawe ni konvuayeri wako. Je, atakuja kukwambia gari lako linamwamsha? Kimya cha mnyonge si ridhaa. Mara nyingine ni hofu tu, au ni adabu. Haki ya jirani haisubiri mpaka jirani apate ujasiri.

Wa tatu watasema: dereva mzuri hahitaji mlio, mimi nina miaka 20 barabarani. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo tuipe heshima yake. Ni kweli kwamba mlio unaweza kumharibu dereva. Anaweka gia, anasikia tii, tii, tii, anajiona amekwisha tangaza, na anaacha kugeuza shingo. Amemtwisha mtembea kwa miguu mzigo wa kujiokoa. Lakini kiziwi hatausikia. Kipofu atausikia asijue aende upande gani. Na mtoto wa miaka 2 anaweza kuusikia na badala ya kukimbia akasogea, akidhani ni kitu cha kuchezea. Dereva atakayesema mbele ya maiti, «mbona kengele ililia?», asidhani ameshajitoa katika lawama. Mwenye kubeba hatari ndiye mwenye kubeba tahadhari. Mlio humsaidia kuibeba, haumwondolei.

Basi hoja hiyo haithibitishi kwamba waya ukatwe. Inathibitisha kwamba mlio peke yake hautoshi, na kwamba anayetaka kuuondoa alete kilicho bora kuliko huo, si alete mikono mitupu.

WENGINE WAMEFANYAJE

Si vibaya kutazama watu wa nchi nyingine walivyolipima. Uingereza, katika kanuni zao za magari za mwaka 1986, walizuia milio hii isilie usiku katika barabara za mitaa ya watu, kuanzia saa 5 na nusu ya usiku hadi saa 1 ya asubuhi. Maana yake waliona usingizi ni haki, na usiku una hukumu yake. Marekani, katika kanuni za kazi za ujenzi, gari ambalo dereva wake haoni nyuma haliruhusiwi kurudi nyuma ila kwa moja kati ya mawili: liwe na mlio unaosikika kupita kelele za mahali pale, au awepo mtu anayetazama na kumpa dereva ishara kwamba ni salama. Na Ulaya, magari mapya ya umeme, ambayo hayana ngurumo, tangu Julai 2021 yote lazima yatoe sauti yanapokwenda polepole na yanaporudi nyuma, kwa kuwa kimya chenyewe kilionekana kuwa hatari.

Tunajifunza nini? Kwamba si lazima mlio, bali ni lazima onyo. Mlio ukinyamaza, jicho la mtu lichukue nafasi yake. Na wanazuoni wetu wa fikihi walitangulia kutuwekea msingi huo kwa njia yao: dhara huondolewa, lakini haliondolewi kwa kuleta dhara kubwa kuliko lenyewe. Kuudhiwa usingizi ni dhara. Kuvunjwa mfupa wa mtoto ni dhara kubwa kuliko hilo. Ondoa la kwanza kwa njia isiyofungua mlango wa la pili, na utakuwa umewatendea haki wote wawili.

Huenda mtu akauliza: mbona msikiti nao huamsha watu kwa kipaza sauti? Swali ni la haki na tusilikimbie. Adhana ni wito, ina wakati wake na urefu wake, na watu wanaijua. Lakini kipimo ni kile kile: sauti iwe kwa kadiri ya haja. Kipaza sauti kisichohitajika kwa ajili ya wito, kinachoachwa wazi saa nzima juu ya vichwa vya wagonjwa, hakipati ruhusa kwa sababu kimefungwa kwenye msikiti.

YAFUATAYO YATAKUSAIDIA

Kwanza, ingiza gari kinyumenyume jioni. Wakati huo kuna mwanga, watu wako macho, mlio unalia bila kumwamsha mtu, na konvuayeri yuko nyuma akiwatoa watoto. Alfajiri utatoka ukiwa umeelekea mbele, unaona njia kwa macho yako, na mlio hautalia kabisa. Hili peke yake linamaliza sehemu kubwa ya ugomvi, na halina gharama ila kuzoea.

Pili, kama lupango ni finyu na lazima utoke kinyumenyume usiku, weka mtu nyuma mwenye tochi. Asimame mahali unapomwona kwenye kioo, si katikati ya njia ya gari. Siku ukimpoteza machoni, simama hapo hapo mpaka umwone tena. Anayeelekeza naye anaweza kugongwa.

Tatu, kabla ya kupanda, lizunguke gari kwa miguu, uiname utazame chini yake. Hatua hizo ni chache, na hazimwamshi mtu. Mbuzi hulala chini ya gari, na mtoto humfuata mbuzi.

Nne, ukitaka kupunguza, punguza, usiue. Fundi anaweza kukihamisha kifaa kielekee chini, au kukifunika ili sauti ipungue. Ipo pia aina mpya ambayo haitoi tii, tii, bali mchakacho kama wa maji yanayomwagika kwa vipande. Huo sikio hulijua kwa urahisi zaidi unatoka upande gani, na hausafiri mbali kama ule mwembamba. Na ukifunga swichi ya kuuzima, mwambie fundi aiunge ili kila gari linapozimwa na kuwashwa upya mlio urudi wenyewe. Mwanadamu husahau. Usiiweke roho ya mtu juu ya kumbukumbu yako ya asubuhi yenye haraka.

Tano, usifiche. Kama mlio wa gari haufanyi kazi, kila dereva unayemkabidhi aambiwe. Na siku ya kuliuza, mnunuzi aambiwe. Kuficha aibu ya bidhaa mnajua hukumu yake, na aibu hii ni ya kumwaga damu.

Sita, nenda kwa majirani wewe mwenyewe kabla hawajaja. Waulize ni nani mgonjwa, ni nani ana mtoto mchanga, unaondoka siku gani na saa ngapi. Mtu aliyejulishwa mapema huvumilia maradufu ya yule aliyeshtukizwa.

Nawe jirani, una lako. Usilivunje gari la mwenzio, usimtangaze vibaya kisimani. Ukisikia mlio, jambo la kwanza uliza watoto wako wako wapi, kisha ndipo ukasirike. Na gari likinyamazishwa kwa ajili ya usingizi wako, elewa kwamba kuanzia siku hiyo ulinzi umekuwa wa macho. Basi macho yako nayo yahesabiwe humo.

MWISHO

Kwa ufupi, ndugu Muislamu: kuunyamazisha mlio kwa sababu tu unakuchosha wewe, hapana. Kuunyamazisha kwa ajili ya jirani, ukiwa umeweka mahali pake ulinzi ulio sawa nao au bora, ndiyo, na ni wema. Kuuacha ulie kila usiku na kusema sheria ya gari ndivyo ilivyo, wakati unaweza kuingia kinyumenyume jioni, huo ni uvivu uliovaa nguo ya tahadhari.

Leo jioni, ukirudi na gari, jaribu lile la kwanza. Wengi hawataona umefanya nini. Watalala tu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape wagonjwa wetu usingizi, na atujaalie amani katika uwanda huu, usiku na mchana. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii isitupwe chini. Ukimaliza kuisoma mpe asiyeipata, na mwenye gari asomewe kama hakuwepo.)